Ratiba Mliyoichora Wenyewe

Wanangu,

Karatasi mliyonitumia kwenye simu nimeisoma, tena nimemwomba mjukuu anikuzie maandishi nisije nikawasingizia. Nimeiona ratiba ya chanjo mliyoichora: mwezi wa tatu sindano moja, wa nne nyingine, wa tano matone, na surua isubiri mpaka mtoto atimize miaka miwili, "akishakomaa." Kila mstari una tarehe, kila tarehe ina rangi yake. Ingekuwa ratiba ya kulipa ada za shule ningewapongeza.

Mkwe wangu, kwa heshima iliyopo kati yetu nisingeketi mbele yako nikaanza kukuhesabia sindano za mtoto wako, ndiyo maana naandika. Na wewe mwanangu, usidhani nimekasirika. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe haukuanzia kwenu. Miaka niliyokuwa kliniki ya mama na mtoto, waliochelewa kuchanjwa walikuwa watoto wa mbali: kambi za wapasua mbao ndani ya misitu hii ya Mufindi, vitongoji ambavyo mvua zikikolea gari halifiki. Mama alikuja na mtoto mgongoni, matope mpaka magotini, akaanza kwa kuomba radhi. Siku hizi anayechelewa ana gari, ana simu yenye intaneti, na anachelewa kwa makusudi. Maelezo ninayompa ni yale yale niliyowapa wale wa matope, ila natakiwa kuyatoa kwa sauti ya chini zaidi, maana msomi akihisi anafundishwa hufunga masikio.

Niwatendee haki. Hamjakataa chanjo. Mmesema wazi kwamba mtoto atapata zote, ila polepole, moja moja, ili mwili wake upumzike. Hayo ni maneno ya watu wanaompenda mtoto wao. Lakini ndani yake kuna dhana kwamba wiki ya 6, ya 10 na ya 14 za ratiba ya taifa ziliandikwa na karani fulani wa wizara kwa urahisi wa kazi yake, na mzazi mwenye akili anaweza kuzisogeza bila hasara. Hapo ndipo tunapoachana.

Mtoto huzaliwa na kinga kidogo aliyopata kwa mama yake akiwa tumboni. Kinga hiyo hailingani kwa kila ugonjwa. Ya surua hukaa miezi kadhaa. Ya kifaduro ni hafifu na huondoka upesi. Sasa kifaduro chenyewe humuua nani? Mkubwa hukikohoa wiki nyingi, anachoka, anapona, anasema alikuwa na kikohozi cha baridi. Mtoto wa miezi miwili mara nyingi hata ule mlio wa kifaduro tunaousimulia hana nguvu za kuutoa. Anasita kupumua, midomo inageuka bluu, mama anamtikisa. Vifo vya ugonjwa huu viko hasa kwa watoto wa miezi ya mwanzo, na ndiyo sababu dozi ya kwanza ya Penta, sindano yenye chanjo tano ikiwemo ya kifaduro, imewekwa wiki ya 6. Haikuwekwa hapo kwa sababu mwili wa mtoto unajibu vizuri zaidi siku hiyo. Ungejibu vizuri zaidi kidogo baadaye, hilo ni kweli na wataalamu wanalijua. Imewekwa hapo kwa sababu ugonjwa hausubiri mtoto akomae.

Nimeifuata Penta kwenye karatasi yenu kwa kidole. Ya kwanza mwezi wa tatu. Halafu zinaingia nimonia, polio na matone ya kuzuia kuhara, kila kimoja na mwezi wake, kisha Penta ya pili inaangukia mwezi wa saba na ya tatu mwezi wa kumi na moja. Kwa ratiba ya Tanzania mtoto angekuwa amemaliza zote tatu akiwa na wiki 14. Kwa hiyo mliposema mnampumzisha, mmemwacha miezi saba na zaidi akiwa na kinga nusu dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na ule ugonjwa wa Hib unaoleta homa ya uti wa mgongo. Neno kupumzika sikuliona mahali pake hapo.

Mkwe wangu, pembeni umeandika kwamba Ulaya wanaanza baadaye kuliko sisi. Umesema kweli, nami sitakuficha sababu. Uingereza wanaanza wiki ya 8, kisha ya 12 na ya 16. Marekani ni mwezi wa pili, wa nne na wa sita. Lakini Uingereza tangu 2012 wanamchanja mama dhidi ya kifaduro akiwa mjamzito, ili mtoto azaliwe na kinga ya kumfikisha kwenye wiki hizo. Huku hilo hatunalo katika kliniki zetu. Mjamzito tunamchanja pepopunda. Tena hao wa Ulaya unaowataja wanachoma sindano kadhaa siku moja, hawazitenganishi. Umechukua kuchelewa kwao ukaacha kinachowaruhusu kuchelewa.

Na kama mnataka kujua nchi nzima ikifanya mlichokichora inakuwaje, haina haja ya kukisia. Japani walifanya. Mwaka 1974 watoto kama 80 kati ya 100 walikuwa wanachanjwa kifaduro, na mwaka ule nchi nzima walipatikana wagonjwa 393, hakufa hata mmoja. Majira ya baridi yaliyofuata, watoto wawili walifariki baada ya kuchanjwa. Wananchi wakaingiwa na hofu, magazeti yakaandika, serikali ikasimamisha chanjo hiyo, na ilipoirudisha ikasogeza umri wa kuanza mpaka miaka miwili. Angalieni vizuri, hawakuifuta. Waliisogeza mbele tu, kama mlivyofanya ninyi. Waliochanjwa wakashuka mpaka kama 10 kati ya 100. Kufika 1979 Japani ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 13,000 na vifo 41. Mwaka 1981 wakaleta chanjo mpya yenye homa kidogo zaidi, ndipo watoto wakaanza kurudi. Japani ni nchi tajiri, yenye hospitali ambazo mimi na ninyi tunaziona kwenye televisheni. Sijui kwa nini tudhani hapa kwetu Mgololo patakuwa na bahati kuliko wao.

Nimeitaja Mgololo kwa sababu mnakuja huku kumalizia likizo ya uzazi. Siku 84 za sheria zinaisha mtoto akiwa na wiki 12. Kwa ratiba ya kawaida angeondoka huku akiwa na dozi mbili mwilini. Kwa yenu anaondoka na moja tu, au hana kabisa, kutegemea mmeanza kuhesabu mwezi wa tatu kuanzia wapi. Na nyumba yangu mnaijua. Haikauki watoto. Kiwanda cha karatasi kinaleta watu wa kila mkoa, magogo na mbao zinaondoka na malori usiku na mchana, vibarua wa dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, wanahama kambi kwa kambi na familia zao. Watoto wao wanacheza na watoto wetu, na bibi gani atamfukuza mtoto mlangoni kwa sababu anakohoa? Huku baridi yenu ya Mbeya ni ya kawaida. Jikoni moto hauzimwi, moshi umetanda, na mtoto mchanga yuko hapo hapo anaota moto kifuani kwa anayempakata. Ndiyo mazingira ambayo kichomi kinapenda. Chanjo ya nimonia na ile ya matone ya kuhara zilipoingia nchini mwanzoni mwa 2013, sisi tuliokuwa wodini hatukuhitaji semina ya kuelezwa zinatufaa nini.

Nije kwenye surua, maana hapo ndipo mmesogeza mbali kuliko kote, na ndipo ninaposikia sauti ya mtu mwingine nyuma ya mwandiko wenu. Mmeandika "usonji" na mkaweka alama ya kuuliza.

Mwenye sauti hiyo namfahamu kwa kumsoma. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12, akadokeza kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Mbele ya waandishi wa habari akashauri chanjo hizo zitenganishwe, mtoto apewe moja, asubiri mwaka, ndipo apewe nyingine. Mnaona? Ushauri wa kutenganisha, huu mnaodhani ni busara ya wazazi waangalifu wa leo, ulitoka hapo. Baadaye mwandishi Brian Deer alichimba akaonyesha kwamba mwaka uliotangulia makala hiyo daktari huyo alikuwa ameomba hataza inayohusu chanjo ya surua peke yake. Mwaka 2010 Lancet ilifuta makala yake, na baraza la madaktari la Uingereza likamfutia usajili. Denmark wakafuatilia watoto zaidi ya 650,000 waliozaliwa kuanzia 1999 hadi 2010, waliochanjwa na wasiochanjwa, na mwaka 2019 wakachapisha jibu: usonji haukuongezeka kwa waliochanjwa. Dalili za usonji huanza kuonekana wazi katika umri ule ule ambao mtoto anapata chanjo za surua, na mzazi aliyeumia hutafuta kilichotangulia. Simlaumu mzazi huyo hata kidogo. Aliyepika takwimu ndiye ninayemlaumu.

Lakini mna swali zuri zaidi ambalo hamkuliandika, nami nitawasaidia: mbona kwetu ni miezi 9 na nchi nyingine ni mwaka mmoja? Kwa sababu kinga ya surua aliyotoa mama, ikiwa bado iko mwilini, huizuia chanjo kufanya kazi. Ukichanja mapema mno, kwa watoto wengi chanjo inapotea bure. Ukisubiri, inashika vizuri zaidi: miezi 9 inashika kwa watoto kama 85 katika 100, mwaka mmoja ni kama 95. Nchi isiyo na surua nyingi inaweza kuvumilia miezi mitatu ya kusubiri. Nchi ambayo surua inazunguka haiwezi, kwa hiyo inachanja miezi 9, kisha inarudia miezi 18 ili kuwanasa wale 15 waliobaki. Mtu alikaa akapima hatari mbili hizo kwenye mizani, akachagua. Miaka miwili haimo kwenye mizani ya mtu yeyote. Kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka miwili hakuna mlichokipata, mmebaki na hatari peke yake.

Na surua si upele, wanangu. Kizazi chenu mnaicheka kwa sababu chanjo imewafichia makali yake. Mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga anaambukiza 12 hadi 18. Anaanza kuambukiza siku nne kabla upele haujatoka, wakati kila mtu anadhani ni mafua. Akishuka kwenye basi la Mafinga, virusi alivyoviacha vinaweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili, na aliyepanda baada yake akavivuta bila hata kumwona. Nimewaona watoto waliopoteza macho kwa surua. Nimewaona waliopona, wakacheka, wakarudi nyumbani, kisha wakafa kwa kuhara au kichomi baada ya miezi, na enzi hizo hatukujua kuunganisha. Sasa inajulikana kwamba surua hufuta kumbukumbu ya kinga ambayo mwili ulijiwekea dhidi ya magonjwa mengine. Mwaka 2022, si zamani, iliwaua watoto katika Halmashauri ya Mpimbwe, Katavi, ambako wengi walikuwa hawajachanjwa.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo halimo kwenye tovuti za wazungu mnazosoma. Utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Njombe na Iringa yamezidi asilimia 11, na Mbeya nayo haikuwa mbali. Maana yake kliniki yoyote ya nyanda hizi ina watoto waliozaliwa na mama wenye virusi. Wengi wao, tunamshukuru Mungu na dawa, wamezaliwa salama. Lakini kinga waliyopewa na mama huwa pungufu, na wachache walioambukizwa wanaweza wasiishike chanjo sawasawa. Watoto hao wanalindwa na wenzao. Kwa surua inatakiwa watoto 95 katika 100 wawe wamechanjwa ndipo ugonjwa ukose pa kupita. Mzazi wa mtoto kama huyo hatakuja kukwambia habari zake kliniki. Atakaa kwenye benchi pembeni yako, mtasalimiana.

Pepopunda ndiyo imekaa peke yake. Hiyo iko kwenye udongo, hakuna jirani atakayekusaidia kuizuia hata kijiji kizima kikichanjwa. Nalisema kwa haraka kwa sababu naijua hoja ya "wengine wameshachanjwa."

Sasa mwili kuelemewa. Mwanangu, ulipojifungua, kabla hujamaliza hata kulia, mtoto alishakutana na vijidudu vya ngozi yako, vya titi, vya mikono ya mkunga, vya blanketi, vya ndugu waliokuja kumbusu bila kunawa. Mwili wake unajibu hao wote kwa pamoja bila ratiba. Chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa begani siku zile za mwanzo ni bakteria mzima, hai, aliyedhoofishwa, na hamkulalamika. Kitu kimoja ni kweli, nami sikifichi: Penta tunayotumia huleta homa na uvimbe wa paja kwa watoto wengi, siku moja au mbili. Wanalia, wanakataa kulala, na mama halali. Homa hiyo ndiyo mwili ukifanya kazi yake. Ukitenganisha sindano hupunguzi homa za Penta hata moja. Dozi ni tatu tu, leo au mwakani. Unachoongeza ni siku za kulia, maana siku zilizokuwa na sindano mbili au tatu kwa mpigo sasa zimegawanywa kuwa siku nyingi, na mtoto wa miezi kumi anaijua sindano na anaikumbuka sura ya nesi. Wa wiki sita analia, ananyonya, anasahau.

Na matone ya kuhara mnaweza kudhani kuyachelewesha ni tahadhari. Ni kinyume. Mara chache sana chanjo hii huhusishwa na utumbo kujikunja, na tatizo hilo, hata kwa watoto wasiochanjwa, huwapata zaidi walio kati ya miezi minne na kumi. Ndiyo maana matone yanaanza mapema, kabla ya umri huo. Ninyi mmeyapeleka mwezi wa sita na wa kumi, katikati kabisa ya kipindi ambacho waliopanga walikuwa wanakikwepa. Mngemuuliza mtu kabla ya kupaka rangi.

Polio nayo mmeianza mwezi wa tano, na mnaishi Mbeya! Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepoozwa na virusi vya polio vilivyotokea Pakistan, mwaka mmoja na nusu tu baada ya Afrika kutangazwa haina tena virusi hivyo vya asili. Machi ya mwaka huo huo watoa chanjo wetu walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma wakiwadondoshea watoto matone. Mwaka uliofuata polio ya aina nyingine ikapatikana Rukwa, wakarudi tena. Ninyi mlikuwa hamjazaa, kwa hiyo mlifungua mlango mkasema hapa hakuna mtoto, mkafunga.

Najua chanzo kingine cha wasiwasi huu, na si cha Uingereza. Januari 2021 Rais Magufuli akiwa Chato alizitilia shaka waziwazi chanjo za korona. Julai 28 mwaka ule ule Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu. Mtu wa kawaida akabaki katikati, anachukua neno la yule au la huyu. Mjadala ule ulikuwa wa watu wazima na ugonjwa mpya. Lakini shaka haikubaki kwenye korona. Iliteremka mpaka kwenye sindano ambazo Tanzania imekuwa ikiwachanja watoto chini ya mpango wa taifa tangu 1975, sindano ambazo ninyi wawili mlichomwa, na kadi zenu bado ninazo kwenye sanduku la bati. Ya kwako mwanangu ina mihuri yote. Imeliwa na mende pembeni tu.

Maumivu nayo. Wiki ya 14 ina sindano tatu, na najua hiyo ndiyo iliyowatisha. Mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, Ali Maow Maalin, naye aliogopa sindano. Alikuwa anafanya kazi hospitalini, chanjo ya ndui iko pale pale, akaikwepa kwa sababu aliona inauma. Oktoba 1977 akawaonyesha njia wagonjwa wawili waliokuwa ndani ya gari, safari ya dakika chache, akaambukizwa. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Baadaye akaingia kwenye kazi ya kutokomeza polio kwao, akawa anawasimulia wazazi wenye mashaka habari zake mwenyewe, mpaka alipofariki 2013. Sisemi mtoto wenu atakuwa Maalin. Nasema mtu anaweza kuishi karibu kabisa na dawa na bado akaahirisha.

Halafu safari. Hapa ndipo ningewasikiliza hata kama yote hayo hamyaamini, maana ni hesabu tu. Kuanzia wiki ya 6 mpaka miezi 18, ratiba ya kawaida ina siku tano za kliniki. Ukitenganisha kila kitu zinakuwa 14. Kila siku kama hiyo inataka ruhusa kazini, nauli, foleni, na nesi ambaye siku hiyo hakuitwa semina. Inataka chanjo iwepo na mtoto awe na afya. Katika 14 mtakosa ngapi? Mwaka wa kwanza mtaenda mkiwa na ari. Mwaka wa pili mtoto anatembea, ana meno, anaonekana mzima, na mama amerudi kazini. Nimekuwa nikifungua kadi za watoto wa aina hiyo. Juu zimejaa tarehe, chini ni nyeupe. Hakuna aliyewahi kuniambia "niliamua kuacha." Wote walikuwa bado wanakuja.

Na hapa niwageukie kidogo wenzangu wenye sare, maana si haki kuwalemea wazazi peke yao. Chupa ya chanjo ya kifua kikuu ina dozi 20, ya surua ina 10, na zikishachanganywa lazima zitupwe ndani ya muda wa saa sita. Basi kuna zahanati ambazo mama akija na mtoto mmoja anaambiwa arudi wiki ijayo, watoto wakitosha, chupa isipotee. Mama ametembea kutoka kitongojini. Anarudi, hawajatosha tena. Hiyo nayo ni ratiba ya kuchelewesha, imechorwa na sisi, tena bila rangi. Maelekezo ni kufungua chupa hata kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zikimwagwa kuna fomu ya kujaza. Mtoto akirudi nyumbani hajachanjwa hakuna fomu. Huduma za mkoba nazo zikiahirishwa mara moja kwa kukosa mafuta ya pikipiki, kambi nzima ya wapasua mbao inaruka mwezi. Nikisikia wataalamu wakilalamika kwamba wazazi wa siku hizi wabishi, huwa natamani waanze na friji zao.

Basi. Mtoto wenu anatimiza wiki sita wiki ijayo. Mpelekeni huko huko Mbeya kabla hamjapanda basi la kuja, wote wawili, baba asibaki kwenye gari. Mwombeni nesi amchanje Penta na nimonia, na matone ya polio na ya kuhara, yote siku hiyo. Mnyonyesheni wakati anachomwa au mara tu baada ya hapo, analia kidogo zaidi. Paracetamol mwulizeni nesi kipimo kwa uzito wake, msikisie kwa kijiko. Paja likivimba, kitambaa cha maji baridi; msilikande kwa maji moto wala kupaka dawa ya mtu, hata kama shangazi amesisitiza. Homa ikizidi siku mbili, au akishikwa na degedege, au akalia saa nyingi bila kunyamaza, mrudisheni kituoni na mwambieni aliyemchoma, aandike. Dozi ya wiki ya 10 ataipata huku, nitampeleka mimi. Ile ya wiki ya 14 mtakuwa mmesharudi Mbeya, na mkichelewa siku kadhaa kwa ajili ya safari hakuna kuanza upya, anaendelea pale alipoishia.

Umeniuliza mwishoni, mwanangu, kama akiwa na mafua siku hiyo mwahirishe. Mafua na kikohozi kidogo si sababu, nendeni hivyo hivyo. Kama anaumwa kiasi cha kulazwa, au kama dozi iliyopita ilimvimbisha mwili mzima akashindwa kupumua, hapo mna haki ya kusubiri, na atakayeamua ni daktari aliyemshika mtoto mkononi. Kadi muiweke kwenye mfuko wa nailoni, mvua za huku zimeshaanza.